Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Tunaweka y Kuwa 0 Tunapotafuta x?

SWALI: Mheshimiwa mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Tulipewa mlinganyo y = 1.8x + 32, tukatakiwa kutafuta mahali mstari wake unapokata mhimili wa x. Kwa kuwa kilichotajwa ni x, niliweka x kuwa 0 nikapata 32, lakini nikakosolewa. Kwa nini sifuri iwekwe kwenye y?

JIBU: Swali lako ni zuri, kwa sababu wanafunzi wengi huikariri kanuni hii bila kuambiwa inatoka wapi. Chukua penseli, weka ncha yake juu ya mhimili wa x, kisha uisogeze kulia na kushoto bila kuutoka mhimili huo. Utaona kwamba thamani ya x inabadilika kila unaposogea, lakini y inabaki 0 muda wote, kwani hujapanda wala hujashuka. Kwa hiyo kusema kwamba mstari umefika kwenye mhimili wa x ni sawasawa na kusema kwamba y imekuwa 0.

Tuirudie hesabu yako. Ukiweka y = 0 unapata 1.8x = −32, yaani x ni takribani −17.8, na nukta inayotafutwa ni (−17.8, 0). Ile 32 uliyoipata ni sahihi kwa swali jingine: ndipo mstari unapokata mhimili wa y, kwenye nukta (0, 32).

Mlinganyo huo ndio unaotumika kubadili nyuzi za Selsiasi, ambazo hapa ni x, kuwa nyuzi za Farenhaiti, ambazo ni y. Maji huganda kwenye 0 ya Selsiasi, na wakati huo kipimajoto cha Farenhaiti husoma 32. Kwa upande mwingine, Farenhaiti husoma 0 pale baridi inapofikia takribani −17.8 za Selsiasi. Naamini kila mwanafunzi angepaswa kuulizwa maana ya nukta hizi, si kuzikokotoa tu.

Nukta hizo mbili pia hurahisisha uchoraji. Kwa 3x + 4y = 24, y ikiwa 0 x ni 8, na x ikiwa 0 y ni 6; unganisha (8, 0) na (0, 6) kwa rula, na mstari umepatikana. Angalia tu kwamba mstari wa y = 2x hukata mihimili yote miwili mahali pamoja, kwenye (0, 0), hivyo itakubidi utafute nukta ya pili, kwa mfano (1, 2).

Nao mstari wa y = 5 uko sambamba na mhimili wa x na hauukati kamwe. Ukijaribu kuweka y = 0 utaishia na 0 = 5, jambo lisilowezekana; usidhani umekosea hesabu, kwani hivyo ndivyo mlinganyo unavyokujulisha kwamba nukta unayoitafuta haipo.