Mkuu, usitoboe hilo tundu la ekseli katikati ya mbao

Weka drili chini kwanza. Nimeuona mchoro wako wa stendi ya kugeuzia plefildi (ule ubao wa plaiwudi ndani ya mashine ya pinboli, mchezo wa kupiga kigololi cha chuma), stendi ya mbao za mbili kwa nne, bomba la maji la inchi moja, na tundu la ekseli umeliweka usawa wa plaiwudi yenyewe, halafu unauliza bora mbao au chuma, uweke magurudumu au usiweke, na kama utaweza kupulizia vanishi humohumo. Mkuu, hilo tundu ndilo litakalokuliza.

Mimi nilitoboa hapohapo kwenye stendi ya Whirlwind yangu, ile pinboli ya kampuni ya Williams ya 1990 yenye visahani vitatu vinavyozunguka. Plefildi ni plaiwudi ya nusu inchi tu, lakini mzigo mkubwa uko chini yake: koili (sumaku za umeme zinazoendesha vifaa vya juu), mabano ya chuma, mota ya vile visahani, na fungu la nyaya nene kama mkono wa mtoto. Ukipitisha ekseli kwenye plaiwudi, uzito wote unaning'inia chini. Ikiwa imekaa upande wenye mchoro wa rangi ukiwa juu inatulia tuli, unajiona umemaliza kazi. Igeuze sasa. Koili zimepanda juu na zinataka kurudi zilikotoka, na kinachozizuia ni nati mbili ulizokaza kwa mkono.

Nilikuwa nafungua skrubu ya bano la flipa, kile kikono cha kupigia mpira, imeshika kutu, nikaiegemea bisibisi kwa nguvu, nati moja ikalegea na mbao yote ikageuka ghafla. Rampu ya plastiki ikagonga ukingo wa meza ikapasuka pale mpira unapopandia, nyaya zikanasa kwenye mguu wa stendi zikang'oka sita kwa mpigo, na bisibisi iliyokuwa bado mkononi mwangu ikaburuza juu ya mchoro. Mkwaruzo mrefu kama kiganja, rangi imetoka mpaka mbao nyeupe inaonekana. Rampu nilinunua nyingine. Nyaya nililehemu siku mbili. Ile rangi ya kiwandani iliyokaa zaidi ya miaka 30 bila kuguswa, hiyo hairudi, na kila nikiwasha mashine macho yanaenda hapohapo.

Na ninayemlaumu mpaka leo ni yule jamaa wa video niliyemfuata. Alizungusha stendi yake kwa kidole kimoja, laini kabisa, "tundu weka katikati, basi". Niliporudia kuitazama baada ya hasara ndipo nikaona mbao yake ilikuwa TUPU! Haina koili hata moja! Mbao tupu hata ukiitundika kwa kamba itazunguka vizuri, sasa unamfundisha nani?

Ekseli ipite kwenye kitovu cha uzito. Tengeneza pleti mbili za chuma za kushika ncha za plefildi, kila moja toboa mfululizo wa matundu kuanzia usawa wa mbao kwenda upande wa koili, yaachane sentimita moja moja, na zile bolti za kushikia mbao ziwe kwenye mfereji ili uweze kuisogeza kushoto na kulia pia. Funga, mtu akushikie upande wa pili, igeuze robo mzunguko isimame kwa ubavu, kisha iachieni taratibu mikono ikiwa karibu. Koili zikishuka, sogeza ekseli tundu moja kuelekea kwenye koili. Mchoro ukishuka, rudi nyuma. Mpaka ikae popote unapoiacha bila kukazwa chochote.

Na ukishatoa rampu na bampa za juu (vile vinavyorusha mpira ukivigusa), pima upya, maana umepunguza uzito upande mmoja na kitovu kimehama. Wengi wanasahau hapa. Halafu kufuli iwe pini ya chuma inayoingia kwenye tundu. Nati inalegea, pini haizunguki.

Ukimaliza hizo pleti weka picha hapa kabla hujapandisha mbao, hata iwe usiku nitaangalia.