Milipuko ya Jua: usitafute ratiba, tafuta kasi

Mdogo wangu, umeuliza kama rekodi za GOES (setilaiti za Marekani zinazopima eksirei za Jua) zitakupa muda maalumu kati ya mlipuko na mlipuko, uutumie kwenye mradi wako wa chuo hapa Nairobi. Hutaupata. Ni kama matatu za usiku: tatu zinafuatana, kisha kimya.

Anza na mchakato wa Poisson, yaani modeli ya matukio ya kubahatisha yasiyotegemeana, ambao kasi yake (wastani wa milipuko kwa siku) hubadilika. Kasi hiyo hupanda na kushuka na mzunguko wa miaka 11 hivi, na pia eneo moja la madoa meusi ya Jua likichachamaa. Mei 2024, eneo namba 13664 lilitoa milipuko kadhaa ya daraja la X, lile la juu kabisa, ndani ya siku chache. Kwa hiyo usiutie mwaka 2019, Jua likiwa limetulia, kwenye grafu moja na 2024.

Mtego ambao wengi hawauoni: mwanga wa mlipuko mkubwa huficha midogo inayoufuata, kwa hiyo mapengo mafupi yatapungua kwenye data yako bila Jua kuwa na hatia. Chukua daraja la M, linalofuata chini ya X, kwenda juu tu.

Kuhusu mahali, chora latitudo dhidi ya mwaka. Mzunguko unapoanza, madoa huzuka karibu nyuzi 30 kaskazini na kusini, kisha mapya huzuka karibu zaidi na ikweta. Longitudo tumia ya Carrington, inayozunguka pamoja na Jua, maana Jua hujizungusha. Na rekodi zisizo na mahali usizifute kimyakimya. Msimamizi wako atauliza ni ngapi.