Little Meru inatosha, au ni lazima nifike juu kabisa?

SWALI: Habari za kazi mhariri, tuko watu wa ofisini tunataka kwenda Mlima Meru mwezi wa tisa, sasa wengine wanasema tukifika kile kilele kidogo cha Little Meru tugeuze, wengine wanasema huko ni kutupa hela bora twende mpaka juu. Mi sijawahi kupanda mlima wowote, nishike upande gani? – Mama J, Tabata

JIBU: Mama J, shika upande wa Little Meru na wala usione aibu. Ni mita 3,820 pale, sio kichuguu, na sisi watu wa Dar tumezoea usawa wa bahari, ukifika kule oksijeni unayovuta haifiki hata theluthi mbili ya ile ya hapa Tabata, kwaiyo mwili unataka muda na muda wenyewe unaupata kwa kulala njiani. Mnaanzia geti la Momella ndani ya Hifadhi ya Arusha, kwenye mita 1,500 hivi, mnalala kwenye vibanda vya Miriakamba mita 2,500, kesho yake mnapanda mpaka vibanda vya Saddle, mita 3,570 hivi, hiyo siku ya pili ina ngazi za kutosha magoti yatakwambia. Mkifika Saddle mkala mkapumzika, jioni mnaacha mizigo mnapanda Little Meru, kama saa moja tu, pole pole. Kukiwa kweupe unaiona Kilimanjaro upande mmoja na ukigeuka kilele kikubwa kiko mbele yako.

Wanaoendelea mpaka kilele kikubwa, mita 4,560 na kidogo, wanaamka usiku wa manane, baridi kali, wanapita ukingo wa kreta kwenye mawe na majivu. Kwa mtu wa mara ya kwanza mi nasema hapana.

Mtu akiumwa kichwa na kutapika asiongeze hata hatua moja kwenda juu, na akianza kuyumba au kuongea visivyoeleweka msibembelezane, ashushwe saa hiyohiyo. Jaketi nzito na glovu tafuteni mitumba Karume, zipo. Na vitambulisho vya NIDA msisahau, raia kiingilio chake ni nafuu.

Kama kundi litagawanyika pale Saddle semeni mapema, maana kule hamtembei bila renja mwenye bunduki, kuna nyati na tembo, sasa akienda juu na wenzenu nyie mnabaki na nani? Hilo liulizeni kabla hamjalipa.