Pima kwanza, ndipo ununue kipoza cha kadi ya picha

Mgeni wa kazi hii huanza na swali la wati. Kipoza cha Raijintek Morpheus II kimeandikwa wati 360, kadi ya GTX 1080 Ti hula wati 250 hivi, basi anaona hesabu imekwisha. Bado. Wati hizo ni za joto linalopita kwenye bomba za kipoza, yaani joto la chipu kuu. Kipoza cha kiwandani kilikuwa kinapoza pia chipu za memori na sehemu za kudhibiti umeme; ukikiondoa, hizo zinabaki wazi. Ndiyo maana kadi inaweza kuonyesha nyuzi 60 kwenye chipu kuu huku vidhibiti umeme vikiungua pembeni.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela, safisha vumbi, badilisha pesti (dawa laini inayopitisha joto kati ya chipu na kipoza), kisha pima tena. Joto likiwa bado juu, fungua ganda la plastiki pamoja na feni zake ndogo, acha mapezi ya kiwandani (vibati vyembamba vinavyotoa joto) mahali pake, halafu funga feni mbili za milimita 120 juu yake kwa kamba za plastiki. Njia hii ninaipendekeza kuliko zote kwa anayeanza, kwa sababu memori na vidhibiti umeme vinabaki vimeguswa kama kiwanda kilivyopanga. Angalia tu plagi: kadi nyingi zina plagi ndogo ya pini nne, feni ya kasha haiingii humo bila adapta. Ukiichomeka kwenye ubao mama, kwa kawaida feni itafuata joto la prosesa, na mchezo ukianza kadi itachemka feni ikiwa imezubaa. Programu ya FanControl kwenye Windows hutatua hilo: iambie feni ifuate joto la kadi.

Usisahau chumba. Hakuna feni inayoshusha joto chini ya hewa inayovuta. Kipimo kilichofanywa kwenye chumba cha nyuzi 22, ongeza kama nyuzi 10 ukiwa Mombasa au Dar es Salaam mchana wa nyuzi 32.

Ukiamua kununua kipoza kizima, chukua kalipa, kifaa cha kupimia milimita. Pima umbali kati ya matundu manne yanayozunguka chipu, katikati hadi katikati. Vipimo vya 53.3 na 58.4 vinatokea mara nyingi, na milimita 5 hizo zinatosha kukufanya urudishe mzigo dukani. Kisha tazama vilivyosimama juu ya bodi: kapasita ndefu huzuia bamba la kipoza lisikae. Hesabu na nafasi ndani ya kasha, maana sloti moja (nafasi ya kadi moja kwenye ubao mama) ni milimita 20 hivi, na feni zenye unene wa milimita 25 zikiwekwa juu ya mapezi makubwa, kadi inaweza kula sloti nne. Uzito nao unataka kitegemezi.

Kadi ya RTX 3090 iache kabisa mwanzoni. Ina chipu 12 za memori upande wa nyuma, ambazo kipoza cha mbele hakizigusi.

Hitisinki ndogo za memori, yaani vipande vya alumini vya kutoa joto, hubandikwa kwa gundi inayopitisha joto. Futa kwanza kila chipu kwa alkoholi ya isopropili, kwa sababu mafuta ya pedi ya zamani (kitambaa laini cha kupitisha joto kilichowekwa na kiwanda) huzuia gundi kushika, na kipande cha alumini kikidondokea bodi yenye umeme kinaweza kuua kadi. Pedi za joto nazo zinunuliwe kwa unene uleule uliokuwapo. Ikiwa palikuwa na milimita 1 ukaweka 1.5, kipoza kitainuka na chipu kuu itakosa kuguswa vizuri.

Chipu kuu yenyewe haina kofia ya chuma, kona zake huvunjika. Paka pesti ifunike uso wote, kisha kaza skrubu kwa msalaba, nusu mzunguko kwa kila moja. Pesti ya metali kimiminika usiiguse: hula alumini na hupitisha umeme.

Mwisho, endesha kadi kwa mzigo mzima dakika 20 huku HWiNFO, programu ya kuonyesha joto, ikiwa wazi. Linganisha joto la kawaida la chipu kuu na la sehemu yake yenye moto zaidi. Pengo la nyuzi 10 hadi 20 ni la kawaida. Likifika 30, kipoza kimekaa upande au pedi ni nene. Fungua, tazama alama ya pesti, rekebisha, na upake pesti mpya kabla ya kufunga tena.