Kitenzi cha Kiingereza visit kikiongezwa -ed ya wakati uliopita, ni visited au visitted?
Ni visited, t moja. Kwa kawaida konsonanti ya mwisho hurudiwa pale silabi ya mwisho inapobeba mkazo, yaani inapotamkwa kwa nguvu zaidi, tena iwe na vokali moja na kuishia kwa konsonanti moja: stop–stopped, admit–admitted. Visit mkazo wake uko mwanzoni, sawa na open–opened. Rain ina vokali mbili, hivyo rained. W, x na y hazirudiwi kamwe: fixed, played. Ukiwa na shaka, fungua kamusi: katika kamusi nyingi kialama kinachofanana na koma ya juu hukaa kabla tu ya silabi yenye mkazo. Inayosumbua zaidi ni l ya mwisho. Uingereza huandika travelled japo mkazo uko mwanzoni, Marekani traveled. Chagua moja, usichanganye kwenye insha moja.