Nilikata gauni siku ya saba

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, chumba changu kiko karibu na soko la Mbuyuni, na kuna maneno ninayoyasikia kila wiki kuliko hata "punguza bei". Mteja amesimama mikono juu, nimemzungushia tepu, anachungulia namba, anaguna, kisha anasema: "Hapo kiunoni nibanie kidogo, siku ya sherehe nitakuwa nimepungua." Ameanza dayati Jumatatu. Harusi ni mwezi ujao. Kwa miaka mingi nilikuwa naitikia "sawa mama", kisha nakata kwa kipimo cha siku ile ile na kuacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Wengi walirudi kunishukuru bila kujua wananishukuru kwa nini.

Halafu mwaka juzi nikafanya ujinga ule ule, tena kwa gauni langu mwenyewe.

Sendofu ya binti wa dada yangu ilipangwa mapema Desemba, kabla watu hawajaanza kumiminika kutoka Dar kuja Krismasi. Mimi ndiye mama mdogo, kwa hiyo nilijua nitaingia ukumbini mbele ya kamera, si kukaa nyuma na sahani yangu. Nilikuwa na kilo 84 na kiuno cha inchi 39. Mteja wangu mmoja akanisimulia mpango wa Wamarekani unaoitwa Whole30, ulioanzishwa mwaka 2009. Siku 30 unaacha sukari ya kila aina hata asali, unaacha pombe, nafaka zote, jamii ya kunde kama maharage, na maziwa. Unabaki na nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, viazi, ndizi. Vyakula vyenyewe, si vya pakiti.

Jambo ambalo hakuniambia, au aliniambia nikalipitisha sikio la pili, ni kwamba walioanzisha mpango huo wanakataza kupanda mizani siku zote 30. Unajipima kabla hujaanza na ukishamaliza, basi. Kusudi lake kubwa ni kuondoa vyakula fulani kwa muda, kisha kuvirudisha kimoja kimoja ili ujue kipi kinakusumbua. Kupungua kunaweza kutokea, lakini sicho kilichoandikwa mlangoni. Mimi niliingia kwa mlango wa kupungua.

Kwa mtu wa Kilimanjaro mlo huu una unafuu wake. Mtori unabaki, mradi usitie maziwa. Machalari yanabaki. Parachichi ziko hadi za kugawia majirani, na samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu hawana kosa lolote. Kiburu kinaondoka kwa sababu ya maharage. Mbege inaondoka mara mbili, kwanza kwa kuwa ni pombe, pili kwa kuwa ina ulezi. Mama yangu, yuko Uru, alicheka mpaka akakaa chini. "Maharage nayo yamekukosea nini?" Kwa kweli hayajamkosea mtu. Yana protini, yana nyuzinyuzi, na ndiyo yanayolisha nyumba nyingi wiki nzima kabla nyama haijaonekana. Yanatolewa kwa ajili ya jaribio tu. Ninalisema hili kwa sababu nimewaona watu wanaacha maharage maisha yao yote na kununua nyama kwa mkopo, wakiamini maharage yananenepesha.

Sasa wiki ya kwanza. Nilikuwa na bidii ya mtu aliyeokoka jana. Ndizi na viazi viliruhusiwa, lakini nikaviogopa, nikajiongezea sheria zangu: supu asubuhi, mayai na mchicha mchana, nyama na ngogwe usiku. Siku ya pili na ya tatu kichwa kiliniuma, mguu ukawa mzito kwenye pedali, nikamjibu vibaya mteja aliyekuja kubadilisha zipu. Siku ya saba nikapita karibu na stendi, nikampa hela kijana mmoja wa mizani, nikapanda. Kilo 80.9.

Kilo tatu na pointi moja kwa siku saba! Nilitembea kutoka pale kama sikanyagi chini. Na kichwani hesabu ikaanza yenyewe: tatu mara nne, kumi na mbili, basi siku ya sherehe nitakuwa 72. Nikafika chumbani kwangu, nikatandika lesi niliyoidunduliza tangu Pasaka, nikachora kwa chaki kiuno cha inchi 36, nikakata. Sikuacha akiba. Mwanamke wa kilo 72 akiba ya nini?

Laiti ningejua kile kilichotoka ni nini. Mwili huweka sehemu ya wanga kwenye ini na misuli, kama akiba ya matumizi ya karibu, inaitwa glikojeni. Ikijaa, kwa mtu mzima inakaribia nusu kilo, na kila gramu yake hushika kama gramu tatu za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba ile inatumika na maji yake yanatoka nayo. Figo nazo zinatoa chumvi zaidi, na chumvi haiendi bila maji. Ndiyo maana siku zile nilikuwa najisaidia haja ndogo kila saa, na ndiyo maana kichwa kiliuma mpaka nilipoanza kunywa supu yenye chumvi ya kutosha. Ongeza uzito wa makande na ugali ambao haupo tena tumboni. Kilo mbili, wakati mwingine zaidi, zinaweza kuondoka hivyo kabla mafuta hayajaguswa sawasawa.

Mafuta yenyewe yana mwendo wa konokono. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina karibu kalori 7,700. Ukila pungufu kwa kalori 500 kila siku, jambo ambalo si dogo, kwa siku 30 unakuwa umepunguza kalori 15,000, yaani karibu kilo mbili. Hizo ndizo kilo za kweli. Wataalamu husema nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri, na mtu akiniuliza leo ategemee nini ndani ya mwezi, namwambia mbili hadi nne, zikiwa na maji ndani yake. Wengine huondoka na nyingi zaidi, hasa walioanza na uzito mkubwa. Wengine moja tu.

Wiki ya pili nilirudisha mtori kwa sababu kazi ilikuwa inanishinda. Mizani ikasema 80.7. Gramu 200 kwa wiki nzima ya kujinyima chapati! Wiki ya tatu nikapanda tena, mizani ile ile, kijana yule yule, ikasoma 81.6. Nilimwambia mizani yake mbovu. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Shikamoo mama, labda viatu." Nilikuwa nimevua viatu.

Siku ile nilinunua chapati mbili kwa mama wa chai wa jirani, nikaziweka mezani juu ya gazeti, nikashona nikiziangalia mpaka zikapoa. Sikuzila, ila si kwa ushujaa, ni kwa sababu mteja aliingia na mtoto wake akaziomba. Ukweli ni kwamba hakuna kilichoharibika wiki ile. Nilikuwa nakaribia siku zangu za mwezi, na wanawake wengi hushika maji wakati huo. Ndizi zilikuwa zimejaza tena sehemu ya ile glikojeni pamoja na maji yake. Na usiku uliotangulia nilikunywa supu ya mbuzi yenye chumvi kwelikweli. Mafuta yalikuwa yanaendelea kupungua chini ya yote hayo, kimya, na mizani haikuwa na namna ya kunionyesha.

Lakini na mimi nilikuwa na kosa jingine, nililigundua baadaye. Kilichoruhusiwa nilikihesabu kama hakina uzito. Parachichi zetu hizi kubwa, nyama yake tu inafika gramu 200 na kuendelea, na kila gramu 100 ni kama kalori 160. Nilikuwa nakula moja kila mlo. Korosho nilizificha kwenye droo ya uzi nikawa natafuna kila nikibadilisha bobini. Gramu 100 za korosho ni zaidi ya kalori 550. Sijui tumbo langu lingehesabu vipi tofauti kwa sababu eti korosho ni chakula halisi.

Kilichonisaidia kwa kweli, na ambacho sikukitegemea, ni chai. Zamani nilikunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 12, kama gramu 48. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati unayokula, na ikiwezekana ishuke hadi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni karibu gramu 25. Mimi asubuhi peke yake nilikuwa nimeshafika. Sukari ile ya chai tu, kwa siku 30, ni karibu kalori 5,700, yaani robo tatu ya kilo. Hakuna aliyewahi kuniambia chai ni chakula.

Tuje kwenye gauni. Siku ya 28 nililipima. Zipu ilipanda hadi chini ya mbavu ikagoma. Nikashusha pumzi, nikavuta tumbo, ikapanda tena kidogo, kisha nikasikia lesi inalalamika. Nikalivua. Nikachukua tepu, nikajipima vizuri kama ninavyowapima wengine: asubuhi kabla ya chai, usawa wa kitovu, pumzi imetoka, tumbo halijavutwa. Inchi 37.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, maana siku zote hizo nilikuwa nikijiona nimeshindwa, na kumbe inchi mbili zimeondoka. Kama ungekuwa mteja wangu ningekupigia vigelegele. Inchi mbili kiunoni ni sketi nzima kubadilika ukaaji. Wahudumu wa afya hutumia sentimita 88 kwa mwanamke na 102 kwa mwanaume kama mstari wa hatari wa kiuno, na mimi nilitoka 99 nikafika 94. Bado niko upande mbaya wa mstari, siwadanganyi, lakini nilikuwa nimesogea, na nilikaribia kulia kwa sababu ya mwanamke wa 36 niliyemtunga mwenyewe siku ya saba.

Usiku ule nilifumua ubavu wote na kuingiza vipande viwili vya satini ya rangi ya lesi. Ukumbini watu wakadhani ni fasheni. Wawili wameagiza mshono ule tangu hapo.

Siku ya 30 nilikuwa na kilo 80.2. Pungufu ya 3.8. Baada ya sendofu, na pilau, na keki, na mbege ya kutosha, Jumatatu mizani ikasema 82. Safari hii sikumgombeza kijana. Nilijua ni maji yanarudi nyumbani, na kufikia Ijumaa mengi yalikuwa yameshaondoka.

Kurudisha vyakula nilikufanya baada ya hapo, kwa kuchelewa. Kundi moja siku moja, kisha siku mbili za kurudi kwenye mlo ule ule huku unajisikiliza. Maharage yalipita salama, na mama yangu akajulishwa kwa simu. Maziwa yalinijaza gesi jioni ile ile, nikakumbuka miaka yote niliyosingizia vidonda vya tumbo. Chapati haikuniuma popote, ila kufika saa nne asubuhi nilikuwa na njaa kama sijala. Hayo ndiyo niliyobaki nayo mpaka leo. Zile kilo, mbili zimekaa, nyingine zinakuja na kuondoka.

Niongeze mawili. Anayetumia dawa za kisukari, hasa insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, asiache wanga ghafla bila daktari wake, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi na mtu akaanguka. Mwenye presha anayetumia dawa naye aulize kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha wauache mpango huu mpaka wakati mwingine.

La pili ni watu. Huku kwetu ukipungua kilo nne hakuna anayekusifu. Utaulizwa unaumwa nini. Dada mmoja wa kanisani alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani. Mume wangu aliposikia alikasirika wiki nzima. Kama ulitegemea pongezi, jiandae kwa maswali.

Wiki hii amekuja mama mmoja wa Pasua, harusi ya mwanawe ni mwezi ujao, dayati ana siku tisa. Kilo mbili na nusu zimeshatoka, anang'aa. Akanyoosha mikono juu, akasema nimbanie inchi tatu. Nimemwandikia kipimo cha leo kwenye daftari, na chini yake tarehe ya kurudi kujaribu, siku nne kabla ya harusi. Akiba nimeacha inchi moja na nusu kila upande.