Muulize Mwalimu: Je, hesabu za Ebola zilikosea?

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni mwendesha bodaboda wa Mubende, Uganda. Ebola ilipotangazwa kwetu Septemba 2022, tulisikia kwamba ugonjwa ukiachwa utakumba maelfu. Oktoba wilaya ikafungwa, pikipiki ikalala ndani, watoto wakala kwa mkopo. Mwishowe waliothibitishwa kuugua walikuwa 142, na kati yao 55 walifariki. Hesabu zilikosea, au tuliteswa bure?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa siku zile, na kwa deni ambalo pengine bado unalilipa. Hesabu uliyoisikia ilianza na neno "ukiachwa". Haukuachwa.

Darasani hutumia punje za mahindi. Weka punje 1 mezani, ndiye mgonjwa wa kwanza. Tuseme, kwa mfano tu, kila siku 3 anaambukiza mtu 1, na anakaa nyumbani siku 6 kabla ya kutengwa. Ataambukiza 2, punje yake inaondolewa, hao wataambukiza 4, na ukizungusha mara 10 unazihesabu punje 1,024. Sasa badilisha jambo moja: kila mgonjwa afikiwe baada ya siku 2. Wagonjwa 3 wanaleta wapya 2 tu, na punje zinapungua kila mzunguko hadi meza inabaki tupu. Virusi ni vilevile. Tumeondoa siku 4. Wakati ule hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa dhidi ya Ebola aina ya Sudan, ndiyo iliyotukumba, kwa hiyo hizo siku ndizo tulizopigania.

Mwaka 1927, Kermack na McKendrick wa Scotland waliandika hesabu inayogawa watu mafungu: walio hatarini, wanaoambukiza, na waliokwisha kutoka kwa kupona au kufa. Kwa Ebola inabidi kuongeza fungu la marehemu ambaye hajazikwa, maana mwili wake bado unaambukiza, na sisi wafu wetu tunawaosha kwa mikono yetu.

Lakini hesabu hula kile inacholishwa. Mwaka 2022 nilijitolea kufuatilia waliogusana na wagonjwa, upande wa Kassanda. Tuliwapima joto kila asubuhi kwa siku 21, kwa kuwa Ebola huweza kujificha mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili. Mama mmoja alikuwa ametutajia majina 4. Siku ya tano, akitumiminia maji ya kunawa kutoka kwenye dumu, akasema polepole bila kututazama: "Na yule wa boda aliyetubeba." Tulimkuta kijana anaosha pikipiki yake, mzima, hajui lolote. Alimaliza siku zake salama. Mama yule angenyamaza, hakuna fomula ambayo ingemwona.

Kuhusu kufungiwa, sitakuficha. Pikipiki yako iliunganisha kijiji na kijiji, na kuisimamisha kulipunguza nafasi ya virusi kusafiri. Ila fomula haisemi watoto watakula nini. Naamini chakula kilipaswa kufika nyumbani kwako siku ileile wilaya ilipofungwa, kwa haki yako kwanza, na pia kwa sababu mwenye njaa hutoka usiku kutafuta riziki, na akiulizwa asubuhi alikutana na nani, hataji.